Benki Haina Zizi

Maksai wangu waliondoka asubuhi, mimi nikiwa nafagia uwanja, na aliyewachukua nilikuwa nimempikia nyama wiki iliyotangulia. Naanza hapo hapo, maana kila nikisimulia habari hii watu huniambia mama, nenda taratibu, usimtaje mtu. Sawa, majina sitayataja. Lakini vyeo nitavitaja, na kijijini kwetu kila cheo kina mtu mmoja tu.

Alikuja mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, chama cha wakulima wa tumbaku. Nyuma yake alikuwepo meneja wa chama, halafu mgambo mmoja mwenye fimbo.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, mwenyekiti. Karibuni, kuna viti."

"Hatukai. Tumefuata ng'ombe."

Nikadhani anatania. Mwenyekiti wetu ni mtu wa utani, ndiyo maana anachaguliwa kila mara. "Ng'ombe wa nani?"

"Wa benki."

"Tangu lini benki ikawa na ng'ombe kwangu?"

"Tangu uliponyoosha mkono kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu wote. Au unakataa?"

Mgambo akaingia zizini, akaondoa mti wa mlangoni, akawatoa wote wawili, yule mwekundu na yule mwenye baka jeupe usoni. Mwekundu alinitazama kwa sababu saa ile ndiyo huwa nampa pumba. Walipofika barabarani nikaona vumbi lao, na vumbi la Chunya mnalijua, likishapanda halishuki upesi. Nilisimama na ufagio wangu hadi likaisha.

Huku kwetu usipokuwa na jozi ya maksai unalima kwa jembe la mkono, na kwa jembe la mkono tumbaku hulimi, unacheza tu. Mvua zilikuwa karibu. Mume wangu mguu wake mmoja ulivunjika zamani kwenye shimo la dhahabu, ukaunga vibaya, kwa hiyo anayeshika plau ni mimi. Wale maksai ndio waliokuwa miguu yake. Bila wao, mwaka ule tungekwenda kuomba vibarua kwenye mashamba ya watu, mimi na umri huu.

Sasa ule mkono. Lazima niueleze, maana ndio uliotuponza.

Chama chetu kila mwaka kinakopa mbolea kwa njia ya benki. Benki hainijui mimi wala haimjui jirani yangu, inakijua chama. Chama nacho kinatugawa vikundi, na ndani ya kikundi kila mmoja anamdhamini mwenzake. Tumbaku ikiuzwa, kampuni inalipa benki, benki inakata deni lake, kinachobaki kinashuka kwenye chama, chama kinatupa sisi. Ndivyo tulivyoelezwa. Na kila ukiuliza mbona fedha zimekuja pungufu, jibu lilikuwa moja: benki imekata. Mbolea imeletwa nusu? Benki. Malipo yamechelewa mpaka watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada? Benki. Miaka yote hiyo sikumwona hata mtu mmoja wa benki. Mimi niliishia darasa la nne, nikawa naifikiria benki kama mtu mnene sana, amekaa mahali mjini na mkasi.

Katika kikundi chetu alikuwemo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mwaka ule alipata tumbaku nzuri kuliko sisi wote. Nilimsaidia mwenyewe kufunga majani kwenye fito, nikaliona bani lake la kukaushia limejaa na majani yakikauka yana rangi ya asali. Siku ya soko, jina lake halikusomwa. Hakuna mtumba hata mmoja wa tumbaku uliopita kwenye mizani kwa jina lake. Wiki ile ile akatoweka. Ikasemwa amewauzia walanguzi njia ya porini, amekimbilia Mafinga kupasua mbao. Deni la mbolea yake likabaki kwetu tuliomdhamini.

Ukaja mkutano mkuu, kwenye ghala la chama. Utaratibu wetu wa mkutano mkuu uko hivi: chama kinachinja ng'ombe, wanaume wanaingia ghalani kukaa kwenye mabenchi, wanawake tunakaa nyuma ya ghala kupika. Sisi tunaopika ni wanachama vile vile. Tuna hisa, tuna tumbaku, wengine wetu tunauza nyingi kuliko hao waliokaa. Lakini ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyeuliza. Asubuhi ghalani zinasomwa taarifa ndefu zisizo na kazi, na zile hoja zenye meno zinangojeshwa hadi nyama inukie. Hapo mtu mwenye njaa anapitisha chochote.

Siku ile nilikuwa nakoroga sufuria kubwa, machozi ya moshi yananitoka. Meneja akatokeza kichwa kwenye mlango wa nyuma.

"Akina mama! Nyoosheni mikono hoja ipite, tule!"

"Hoja gani?" akauliza jirani yangu.

"Ya kulinda chama. Au nyie hamtaki chama kilindwe?"

Tukacheka, tukanyoosha. Mimi nilinyoosha na mwiko, mchuzi ukanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Kumbe hoja yenyewe ilikuwa kwamba mwanachama akitoroka na deni, mali ya waliomdhamini ishikwe. Tuliipitisha wenyewe, kwa kelele na furaha, halafu tukawapakulia.

Basi, baada ya maksai kuondoka nilimgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mguu ameunyoosha.

"Baba watoto, husemi kitu?"

"Niseme nini? Serikali, benki na radi havibishaniwi, mama watoto."

"Radi angalau unaiona."

"Ndugu yangu ndiye aliyetuua. Wasemaji watasema sana, lakini ni yeye."

Nilimwonea huruma kwa vile alivyosema hivyo. Lakini huruma hailimi. Baada ya siku chache mwenyekiti akatangaza kwamba maksai walioshikwa, wangu na wa wadhamini wengine, watapelekwa mnadani Mbalizi mvua ikishaanza, bei ikiwa nzuri. Nikaona hapana. Nikauza kuku wangu, nikapanda basi kwenda Mafinga kumtafuta yule mwizi wa ukoo.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, vilima vya huko ndivyo vilivyonilea, na nilipoteremka Mafinga ile baridi ilinipiga kifuani kama ndugu anayekudai salamu. Mama mmoja muuza ndizi aliniambia kamwene, salamu ya kwetu, nikamwitikia, na kidogo nilie kwa sababu ya neno hilo moja. Nikamuuliza wapi wanapasua mbao watu wa kuja. Akanionyesha.

Shemeji nilimkuta amekaa juu ya gogo, nywele zimejaa unga wa mbao utadhani kazeeka. Aliponiona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shikamoo, shemeji."

Nilimpiga kofi moja. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo ni mke mkubwa au mdogo?" Nikamwambia huyo aliyeuliza, subiri, na wewe nitakufikia. Wakarudi kwenye misumeno yao.

Akanipeleka kwenye kibanda cha chai, akaniagizia maandazi. Nilikula, sina aibu, nilikuwa na njaa.

"Ng'ombe wa kaka yako wamekwenda," nikamwambia. "Kwa ajili ya tumbaku uliyowauzia walanguzi."

Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Walanguzi gani?"

"Usinichezee."

"Shemeji, haki ya Mungu. Tumbaku yangu haikwenda porini. Ilipita kwenye mizani ya chama, mchana, nyie wote mkiwepo."

"Kwa jina la nani?"

Akatazama huku na huku, kana kwamba watu wa Mafinga wanamjua. "La mwenyekiti."

Akanieleza. Mwenyekiti alimfuata shambani, akamwambia mwaka huu makato ya benki yatakuwa mabaya, hutapata kitu, niuzie mimi, nikulipe leo leo, mkononi. Akampa bei ya kutupa. Shemeji alikuwa na mtoto hospitalini, akapokea. Mitumba ikahamishwa, karani wa mizani akaiandika ya mwenyekiti. Na baada ya soko mwenyekiti yule yule akamjia kwa upole, akamwambia kijana wangu, potea kidogo, watu wa benki wanakutafuta, wanakuja na polisi.

"Nawe ukapotea."

"Benki, shemeji! Ungefanyaje wewe?"

Hapo sikuweza kumcheka, maana mimi nilisimama na ufagio nikatazama vumbi.

"Twende ukaseme hayo," nikamwambia.

"Siendi. Wataniua."

"Hakuna wa kukuua. Una thamani gani?"

Hakuja. Nimesema vyeo nitavitaja, basi na yeye aandikwe: alinisindikiza mpaka stendi, akanibebea mfuko, akanipungia mkono, hakuja. Mwenyekiti ni mwizi lakini shemeji yangu ni mwoga, na mimi mpaka leo sijajua yupi aliniumiza zaidi.

Ndani ya basi nikawaza. Tukashuka Makambako, watu wakanunua mahindi ya kuchoma, tukapita Igawa na yale mashamba ya mpunga ya Usangu, mimi bado nawaza. Kama tumbaku ya shemeji ilifika kwenye mizani, basi kampuni iliilipa. Na kama iliilipa, fedha ilipita benki. Sasa benki inadai nini kwangu? Tulipofika Mbeya sikuunganisha gari la Chunya. Nikauliza watu benki ya ushirika iko wapi. Nilikuwa nataka kumwona huyo mtu mwenye mkasi.

Mlinzi wa mlangoni alizitazama kandambili zangu.

"Mama, una shida gani?"

"Nataka kuonana na benki."

"Benki yote?"

"Yule anayehusika na ng'ombe."

Alicheka, lakini si cheko baya. Akanionyesha kiti. Ndani kulikuwa na ubaridi na sakafu inayong'aa, nikaweka miguu chini ya kiti. Binti mmoja akaniita, umri wa mwanangu wa pili, amesuka vizuri, kavaa miwani.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba mnirudishie maksai wangu. Deni nitalipa, nipeni muda, lakini mvua inakuja na mimi sina cha kulimia. Mmoja mwekundu, mwingine ana baka hapa." Nikajishika usoni.

Akaacha kuandika. "Maksai?"

"Mliowachukua. Kupitia mwenyekiti."

Akaniuliza chama gani, kijiji gani, nani alikuja, alisema nini. Nikamweleza yote, mpaka mwiko. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, nikwambie kitu. Hesabu za chama chenu siwezi kukusomea, wewe si mtia saini, nitafukuzwa kazi. Lakini hili namwambia mtu yeyote hata barabarani. Benki haichukui ng'ombe wa mtu. Sisi hatuna zizi."

"Hamna?"

"Tungewaweka wapi? Hapa?" Akaonyesha ile sakafu. "Benki inakikopesha chama, na dhamana yetu ni tumbaku yenyewe. Kampuni inalipa hapa, tunakata hapa, basi. Tukikidai chama, tunakiandikia chama barua. Hatuji nyumbani kwako na mgambo."

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Ni kama mtu aliyebeba kuni kutwa, halafu mwenzake anakuja kwa nyuma anamnyanyulia mzigo kichwani bila kumwambia, na shingo inapanda yenyewe juu. Miaka yote niliogopa jambo ambalo halikuwepo. Aliyekuwepo ni mwenyekiti wetu, mwenye kofia ya sufu, anayeimba kwaya.

Nikaanza kucheka. Binti akadhani nalia, akanipa karatasi laini.

"Na jambo lingine, mama. Hii benki ina hisa za vyama. Vyama vya msingi, vyama vikuu, mpaka juu kabisa Dodoma, ndio wenyewe. Chama chenu kina hisa humu. Kwa hiyo hata wewe, kupitia chama chenu, umo."

"Mimi nina benki?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ukucha," akasema, akacheka na yeye. "Lakini ukucha ni wako."

Nikatoa miguu yangu chini ya kiti, nikaiweka mbele.

Akaniambia niende kwa afisa ushirika wa wilaya. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kukiuliza chama, na benki itamjibu yeye kwa maandishi. Na akaniambia kwamba wanachama wakiwa wengi wa kutosha wanaweza kudai mkutano maalumu, mwenyekiti apende asipende. Hilo hatukuwahi kuambiwa. Tuliambiwa mkutano unaitishwa na mwenyekiti, na mwenyekiti anaitishwa na Mungu.

Afisa ushirika wa wilaya ni kijana mwenye pikipiki, msemaji mdogo. Nilimkuta anakula mihogo ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mfuko wa mihogo, akasema, "Nitaiandikia benki leo. Wewe nipatie saini za wanachama." Hakuniahidi zaidi ya hapo, na ndiyo maana nilimwamini.

Saini sikuzitafuta kwa wanaume. Wanaume wetu wangekwenda kumwuliza kwanza mwenyekiti kama waweke. Nilikwenda kwa wale tunaopika pamoja, nyumba kwa nyumba, kisimani, kwenye mashine ya kusaga. Wengine waliandika jina, wengine waliweka dole gumba. Jirani yangu, yule aliyeuliza siku ile hoja gani, alisema, "Mimi naweka dole, lakini nikishaweka sipiki. Wakitaka nyama wakaiombe kwa meneja."

Hilo alilisema kwa mzaha tu. Lakini tulitazamana, na neno likazunguka kijijini kuliko hata ile karatasi.

Wiki zile zilikuwa mbaya. Mawingu yalikuwa yanakusanyika kila mchana juu ya milima upande wa Mbeya, na mimi nilikuwa mtu pekee Chunya nzima anayeomba mvua isinyeshe. Majirani waliokuwa na maksai walishaanza kunoa plau. Siku moja nilipita karibu na shamba la mwenyekiti la mbali, kule bondeni anakofyatua matofali, nikamwona mwekundu wangu kafungwa mkokoteni, anavuta matofali. Sikusema kitu. Nilipita kama nisiyemjua. Yeye alinijua, alisimama, akachapwa.

Barua ya mkutano maalumu ikatoka wilayani. Mwenyekiti hakubabaika, mtu yule hababaiki upesi. Akachinja ng'ombe mnono. Kuni zikapangwa nyuma ya ghala, masufuria yakaoshwa, mchele ukaletwa. Akasimama mlangoni na ile kofia yake, anasalimia kila mtu kwa utani wake.

Sisi wanawake tukafika, tukapita masufuria, tukaingia ghalani kwa mlango wa mbele, tukakaa mabenchi ya mbele.

Waliokuwa kwenye mabenchi hayo wakasogea.

"Akina mama," akasema mwenyekiti, anatabasamu, "jikoni vipi?"

Jirani yangu ndiye aliyejibu. "Jikoni kuzuri, mwenyekiti. Kuna kuni, kuna maji. Na wewe una mikono."

Wanaume wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Sasa sisi tutakula nini?"

"Mtakula majibu," nikasema.

Kicheko kikapasuka. Hata mume wangu, aliyekuwa ameletwa kwa baiskeli na mguu wake, nilimwona ameinamisha kichwa mabega yanatikisika. Nadhani hapo ndipo mwenyekiti alipoteza ule mkutano, si kwenye barua. Yeye alizoea watu wacheke naye, hakuzoea watu wamcheke yeye.

Afisa ushirika akasimama. Akasema benki imejibu. Deni la chama kwa msimu ule lilikatwa lote kwenye malipo ya tumbaku, limekwisha, na benki haimdai mwanachama yeyote, wala haijamtuma mtu kushika mifugo. Akakaa. Alitumia maneno machache kama hayo, na kelele zilizofuata nadhani zilisikika Makongolosi.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Ndugu wanachama, hoja ya kushika mali mliipitisha wenyewe."

"Tuliipitisha," nikasema, nikasimama. "Tulipitisha mali ya wadhamini ishikwe mtu akitoroka na deni, na deni lake lilikuwa kwenye tumbaku. Mwenyekiti, tumbaku ya shemeji yangu ilitoroka?"

"Ilitoroka. Kila mtu anajua."

"Ilikwenda wapi?"

"Muulize yeye."

"Nimemwuliza. Nimetoka Mafinga. Anasema ilipita hapa, kwa jina lako. Na karani wa mizani yupo, amekaa pale nyuma ya nguzo, anajificha kama kuku mwenye mafua. Mwulizeni."

Watu wote wakageuka. Karani wa mizani ni mkwe wa meneja, nalisema hilo wazi maana ndivyo alivyopata kazi. Alisimama polepole. Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mimi niliambiwa niandike," akasema.

"Na nani?"

Karani akamtazama meneja, meneja akatazama dari, na mwenyekiti akavua kofia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona bila kofia. Ana upara mdogo, mviringo, kama sahani ya chai. Sijui kwa nini jambo hilo ndilo linalonijia kwanza nikikumbuka.

Sitasema yalikwisha kama tulivyotaka. Alivuliwa uenyekiti, meneja naye akatolewa, karani akahamia kwa wakwe zake. Kesi wanasema ipo, inakwenda na kurudi. Mwenyekiti bado anaishi pale pale, matofali yake amejengea, kwaya anaimba, na Jumapili ananiambia Bwana asifiwe kama vile hakuna kilichotokea. Namwitikia, kwa sababu niko kanisani. Lakini moyoni namwambia mengine.

Ila lile nililolitaka nililipata siku ile ile. Mkutano ulipiga kura, na safari hii kila mmoja alijua ananyoosha mkono kwa ajili ya nini: mifugo yote irudi kabla jua halijazama, afisa akiwepo. Na baada ya kura, wanawake wenyewe tukatoka tukawasha moto, kwa sababu ng'ombe alishachinjwa na nyama haina kosa. Wanaume walikuja kuchochea kuni. Yule mzee wa nyuma alipewa kazi ya kuosha mchele, akaosha kwa kununa, akaumwaga nusu.

Mimi sikungoja kula. Nilikwenda bondeni na mgambo yule yule, safari hii fimbo ameishika kwa nyuma.

"Mama, mimi nilitumwa tu," akaniambia njiani.

"Najua. Nyie wote hutumwa. Fungua huo mkokoteni."

Mwekundu alikuwa na kidonda shingoni, mahali nira ilipomkata, na mwenye baka amekonda mbavu zinahesabika. Nilimtukana mwenyekiti kwa Kihehe, kwa sauti, huku napapasa kile kidonda, na mgambo ambaye hakuelewa hata neno moja akasogea pembeni kwa heshima. Kisha nikawatia njiani. Sikuwachapa wala sikuwaswaga. Walikwenda kwa mwendo wao, mimi nyuma, na walipotaka kula majani nikasimama nikawangoja.

Mume wangu alikuwa amerudi kabla yetu. Alisimama mlangoni kwa fimbo yake, akaukagua mguu wa huyu, akafungua mdomo wa yule, akapaka majivu kwenye kidonda.

"Wanalimika?" nikamwuliza.

"Wape siku chache. Wanalimika." Halafu akanitazama. "Na wewe? Unalimika?"

"Nenda zako."

Ilikuwa bado mchana. Nikaingia ndani, nikajitupa kitandani na vumbi langu lote, mlango wazi, watu wanapita, kazi kibao zinanisubiri, na nikalala usingizi ambao sikuupata tangu asubuhi ile ya ufagio. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye bati, matone makubwa ya mwanzo. Nikatega sikio, nikawasikia zizini wanacheua. Nikageukia ukutani, nikaiacha inyeshe.